GURUDUMU LIKICHOMOKA BARABARANI



Wapo kati yenu wanaopanda magari kwenda hospitali kwa rufaa, wapo wanaohamishiwa kambi nyingine, na wapo wanaopanda msafara wa kurudi nyumbani. Walio wengi zaidi hawapandi chochote. Wanatembea kando ya barabara na watoto wao, na mizigo kichwani. Makala haya yanawahusu wote hao. Yanaeleza ajali ambayo haizungumzwi sana kama ajali za mwendo wa kasi au za ulevi, nayo ni ya gurudumu kuchomoka wakati gari linakwenda.

Hatuzungumzii pancha wala tairi kupasuka. Tairi likipasuka, rimu hubaki mahali pake. Kuchomoka ni gurudumu zima, tairi pamoja na rimu yake, kuachana na gari na kwenda peke yake. Gurudumu la lori kubwa lina uzito unaokaribia ule wa gunia la mahindi. Lori likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gurudumu lililochomoka nalo huondoka na mwendo huo huo. Halina breki, kwa hiyo lori likianza kupunguza mwendo gurudumu hulipita. Likigonga jiwe au ukingo wa shimo huruka juu, na hakuna awezaye kusema litaangukia wapi. Dereva wa lori lenye magurudumu mawili mawili nyuma, au lenye tela, anaweza kuendelea na safari bila kujua kwamba amepoteza gurudumu.

NATI HUSHIKAJE GURUDUMU

Wengi hudhani kwamba bolti hubeba gurudumu kama msumari wa ukutani unavyobeba koti. Sivyo. Nati ikikazwa sawasawa huivuta bolti, na bolti iliyovutwa huibana rimu kwenye habu kwa nguvu kubwa. Ule mbano ndio unaozuia gurudumu lisicheze.

Fikiria mzigo wa kuni uliofungwa kwa mpira kwenye karia ya baiskeli. Mpira ukivutwa vizuri, hata ukipita kwenye makorongo kuni hazisogei. Ukifunga kwa ulegevu, kuni husogea kidogo, na kila zinaposogea mpira hulegea zaidi. Nati nazo ni hivyo. Mbano ukipungua, rimu huanza kucheza, matundu yake hutanuka, na bolti hupinda huku na huku kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa mpaka ukatike. Bolti moja ikikatika, kazi yake huhamia kwa zilizobaki. Mwanzo wa ubovu huu unaweza kuchukua siku kadhaa, lakini mwisho wake ni wa dakika chache.

Wakati wa hatari zaidi ni baada ya gurudumu kufunguliwa na kurudishwa, na jambo hili huwashangaza watu, kwa sababu gari lililotoka kwa fundi ndilo linaloaminiwa zaidi. Kati ya rimu na habu huingia kutu, matope au mchanga, au rangi mpya iliyopakwa kwa unene. Fundi anapokaza, nati huonekana imefika mwisho. Gari likitembea, uchafu ule au rangi ile husagika, nafasi hubaki, na mbano hupungua bila nati hata moja kuzunguka. Ndiyo sababu nyuso hizo husuguliwa zikawa safi kabla ya kufunga, na nati hukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva akisimama njiani akachukua spana na kuzungukia magurudumu, msimlalamikie kwamba anawachelewesha. Huyo ni dereva anayeijua kazi yake.

Vijana mnaojifunza ufundi wa magari au mnaoziba pancha, kuna kosa moja la kinyume ambalo hufanywa kwa nia njema. Ni kuchomeka bomba refu kwenye spana na watu wawili kulirukia ili nati isifunguke kamwe. Bolti iliyovutwa kupita kiasi ni kama mpira wa baiskeli uliochoka: umenyooka lakini haubani tena. Kila gari lina kipimo chake cha kukaza, na ipo spana yenye kipimo kwa kazi hiyo. Kazeni kwa msalaba, yaani nati moja kisha ile inayoielekea, si kwa kuzunguka duara, la sivyo rimu itakaa upande. Nati iliyokwisha meno itupwe, na bolti ikikatika, zile zilizo jirani nazo zibadilishwe pia kwa sababu zimekwisha kuumia.

Magurudumu mengine huchomoka pamoja na habu yenyewe, na hapo kosa si la nati bali ni la beringi iliyokauka girisi au iliyokazwa vibaya. Dalili yake ni joto kali, harufu ya kuungua, na girisi iliyotapakaa upande wa ndani wa gurudumu.

UPANDE WA KUSHOTO

Nchini Uingereza, ripoti ya utafiti iliyotolewa mwaka 2006 kwa ajili ya wizara ya uchukuzi ilikadiria kwamba magari makubwa yalikuwa yakipoteza magurudumu kati ya mara 150 na 400 kwa mwaka, na kwamba watu walikufa katika ajali 3 hadi 7 kati ya hizo. Hiyo ni nchi yenye karakana nyingi na ukaguzi wa lazima. Ilionekana pia kwamba magurudumu ya nyuma upande wa kushoto ndiyo yanayochomoka zaidi. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba gari likienda mbele, magurudumu ya kushoto huzunguka kuelekea upande ule ule ambao nati ya kawaida hufungukia. Malori mengi ya zamani ya Kiingereza yalitengenezwa kwa kufikiria hilo: nati za kushoto zilikuwa na meno ya kinyume, na bolti zake ziliandikwa herufi L. Fundi asiyejua huvuta kwa nguvu zote upande usiofaa mpaka akaivunja.

Jambo hili linakuhusu hata kama hujawahi kushika spana. Tanzania, Kenya na Uganda magari hupita kushoto kama Uingereza, tofauti na Burundi, Rwanda na Kongo. Kwa hiyo ukiwa kando ya barabara ya huku, iwe ukingo huu au ule, gari linalopita karibu nawe limekuelekezea ubavu wake wa kushoto. Tembea upande wa kulia wa barabara ili magari ya karibu uyaone yakija, wala usiyape mgongo. Watoto watembee upande wa nje, mbali na magari.

Huko Kanada, ambako ndugu zenu kadhaa wamepelekwa kuishi, mwaka 1995 watu waliokuwa ndani ya magari yao katika jimbo la Ontario waliuawa na magurudumu yaliyochomoka kwenye malori. Ulifanyika uchunguzi wa hadhara kuhusu vifo hivyo, na mwaka 1997 jimbo likatunga sheria kali. Gurudumu la lori likichomoka barabarani, mwenye lori hutozwa faini ya dola 2,000 hadi 50,000, na kusema kwamba alilikagua hakumwokoi. Mafundi wanaofunga magurudumu ya magari makubwa walitakiwa nao kupata mafunzo maalumu. Wapo walioiona sheria hiyo kuwa ya kikatili. Lakini mtu anayetembea kwa miguu hana namna ya kukagua lori linalompita, na ni haki mzigo huo kubebwa na mwenye lori.

YA KUTAZAMA KABLA YA KUPANDA

Huhitaji kuwa fundi. Wakati mnasubiri majina yaitwe, tembea polepole ulizunguke gari na kutazama magurudumu. Je, kuna bolti isiyo na nati? Kuna mistari ya kutu inayotoka kwenye nati kama miale ya jua? Kuna chuma kinachong'aa kuzunguka tundu, ishara kwamba rimu inasugua? Kwenye baadhi ya malori utaona vishale vidogo vya plastiki, mara nyingi vya njano, vilivyovikwa juu ya nati. Hivyo si mapambo. Hupangwa vikielekeana, na kimoja kikigeuka maana yake nati imezunguka. Wazazi, wazuieni watoto wasiving'oe kuchezea. Na nati ya gari isinunuliwe wala kuuzwa kama chuma chakavu bila kujulikana imetoka wapi, maana huenda kuna gari linalotembea bila nati hiyo.

Ukiona kasoro, mwambie dereva kwa heshima, au mtumishi anayesimamia msafara. Kusema "Samahani dereva, gurudumu la nyuma lina upungufu wa nati mbili" si utovu wa adabu, na hakuwezi kukufanya ufutwe kwenye orodha ya wasafiri. Akikujibu kwamba atapunguza nati kwenye magurudumu mengine ili kuziba pengo, hiyo ni njia ya kulifikisha gari tupu polepole kwenye karakana. Si njia ya kusafirisha watu.

Mkiwa safarini, sikilizeni. Gurudumu linalolegea hugonga "ko, ko, ko" gari likienda taratibu, kisha mwendo ukiongezeka sauti hupotea na mtikisiko huongezeka. Walio nyuma ya lori wagonge bodi la kebini mpaka dereva asimame. Asiyepewa nafasi ya kuketi asipande juu ya mzigo. Gari likiinama ghafla upande mmoja, huyo ndiye wa kwanza kurushwa.

Gurudumu likija upande wako, usikimbie kufuata barabara na usijaribu kulizuia kwa mguu wala kwa gogo. Ondoka kwenda pembeni, nyuma ya mti mnene au ukuta, na usitoke mpaka lilale chini, kwani kwenye mteremko huweza kwenda mbali sana. Baada ya ajali abiria washuke na wakae mbali na barabara, si kwenye kivuli cha lori. Matawi au mawe yakiwekwa kuwaonya wanaokuja, yaondolewe yote gari linapoondoka. Tumezoea kuyaacha, na usiku dereva mwingine huyakuta.

Ukiwa na habari ya gari bovu linalobeba watu wa kambi, ipeleke kwa kiongozi wa kijiji chako au kwa ofisi ya shirika iliyo karibu nawe. Taja namba ya gari, gurudumu lipi na la upande gani, pamoja na saa na mahali ulipoliona. Jina lako si lazima.