Mama Ana Kiti, Lakini Kura ni ya Nani?

Akina mama wenzetu, jambo hili wengi wetu tumelishuhudia. Mama anaingia ukumbini akimsukuma mwanawe kwenye kiti cha magurudumu. Anayegawa chai anamtazama mama na kuuliza, "Huyu anakunywa?" Kijana ana umri wa miaka 19, masikio yake ni mazima na kusema anajua, lakini anayeulizwa ni mama. Naye mama, kwa mazoea ya miaka mingi, anajibu, "Anakunywa, ila isiwe ya moto sana." Siku tuliyokuwapo sisi, kijana alisema kwa upole, "Mama, chai ni yangu." Watu wakacheka. Mama yake hakucheka.

Chai hiyo ilitujia akilini tulipoanza kuuliza namna mashirikisho ya vyama vya watu wenye ulemavu yanavyojiongoza. Tulidhani tutakuta mambo makavu ya katiba na mihtasari. Tukakuta swali lile lile la ukumbini: anayeulizwa ni nani?

Turudi nyuma hadi Juni 1980, katika mji wa Winnipeg nchini Kanada. Shirika la kimataifa liitwalo Rehabilitation International lilikuwa na mkutano wake mkuu. Hilo lilikuwa shirika la madaktari, walimu na wataalamu wengine waliowahudumia watu wenye ulemavu. Walikuwa watu wema, na baadhi yao walikuwa wameifanya kazi hiyo maisha yao yote. Miongoni mwa maelfu waliohudhuria walikuwapo pia watu wenye ulemavu zaidi ya 200. Ujumbe wa Sweden ukaleta hoja kwamba nusu ya wajumbe wa kila nchi wawe watu wenye ulemavu wenyewe. Hoja ikapigiwa kura, ikaanguka.

Hebu fikiri, msomaji mpendwa. Ni kama umoja wa akina mama unaoongozwa na akina baba watupu, na siku akina mama wanapoomba nusu ya viti wanaambiwa kwamba haifai. Wale waliokataliwa walikutana pembeni, wakakubaliana kuunda chombo chao, na mwaka 1981 kikazaliwa rasmi huko Singapore kwa jina la Disabled Peoples' International, yaani DPI. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Ron Chandran-Dudley wa Singapore, mtu asiyeona. Katika miaka ya 1990 kiti hicho kilikaliwa na Mwafrika, Joshua Malinga wa Bulawayo, Zimbabwe, aliyepata ulemavu kwa ugonjwa wa polio utotoni.

Kanuni walizojiwekea zinaonyesha walikotoka. Kila nchi iwe na chombo kimoja tu ndani ya DPI, na chombo hicho kikusanye watu wa ulemavu wa kila aina, wasije viziwi wakaja peke yao wala wasioona peke yao. Tena walio wengi katika uongozi wawe ni watu wenye ulemavu. Daktari anakaribishwa, mzazi anakaribishwa, lakini wasiwe wengi kiasi cha kuamua mambo bila wenyewe.

Hata hivyo nyumba hiyo mpya nayo ilikuwa na sebule yake ya wanaume. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake wa DPI walitazama meza kuu wakaona wanaume ndio wengi, nao wakadai nusu ya viti. Waliosema Winnipeg "mtusikilize" waliambiwa neno lile lile na dada zao! Sisi hatukushangaa sana.

Kwetu Tanzania, Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu, SHIVYAWATA, liliundwa mwaka 1992. Zanzibar wana la kwao, SHIJUWAZA. Wanachama wa shirikisho la namna hii si mtu mmoja mmoja bali ni vyama: cha wasioona, cha viziwi, cha wenye ulemavu wa viungo, cha wenye ualbino, na vinginevyo. Angalia hata majina. Kiswahili chetu cha zamani kiliwaweka watu hawa katika ngeli ya vitu, kilema na vilema. Leo tunasema watu wenye ulemavu, na waliozoea kuitwa vipofu hupenda kuitwa wasioona. Lakini viziwi wamebaki viziwi, na chama chao ni CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania. Kila chama kimeamua chenyewe kiitwe nani. Hapo ndipo utawala wao unapoanzia.

Sasa waweke watu hawa wote katika chumba kimoja, kisha uwe mwenyekiti. Asiyeona hajui nani anasema, kwa hiyo kila msemaji ataje jina lake kwanza. Kiziwi anafuata mikono ya mkalimani wa lugha ya alama, na mkalimani ana mikono miwili tu, kwa hiyo wawili wakisema kwa pamoja, kwake kikao kimekwisha. Umeme ukikatika jioni, wasioona wanaendelea bila shida huku viziwi wakiwa wametoka mkutanoni ingawa wameketi. Asiyeona wala kusikia hupewa maneno kwa kuguswa mkononi, na hilo halitaki haraka. Mwenye ulemavu wa akili anahitaji karatasi iliyoandikwa kwa lugha nyepesi, na aipate mapema. Hata kura za kunyoosha mikono zina utata, maana asiyeona atajuaje kwamba zimehesabiwa sawasawa? Zihesabiwe kwa sauti.

Sisi tunaofanya vikao vyetu kwa kupokezana maneno kabla mwenzio hajamaliza, hapo tungeshindwa kabla ya ajenda ya pili.

Yote hayo yana gharama. Mkalimani hulipwa, karatasi za nukta nundu hugharimu, msaidizi anahitaji nauli na pa kulala. Fedha zikipungua, mtu atapendekeza kwamba safari hii mkalimani aachwe. Siku hiyo viziwi wameondolewa katika uongozi bila kura hata moja kupigwa. Ndiyo maana tunasema, ukitaka kujua shirikisho linaongozwa vizuri, acha kwanza katiba yake ukaangalie bajeti ya mkutano.

Sasa tuje kwa mama, maana hapa ndipo palipotuuma.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mkataba unazitaka serikali zishauriane na watu wenye ulemavu kupitia vyama vyao. Vyama vipi? Mwaka 2018 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua: ni vile vinavyoongozwa na kuendeshwa na watu wenye ulemavu wenyewe, na ambavyo wengi wa wanachama wake ni wao. Wazazi na jamaa hawakusahauliwa. Walitajwa kuwa na nafasi muhimu, hasa pale mwenye ulemavu ni mtoto au ana ulemavu wa akili, lakini kazi yao ni kumsaidia mwenyewe asikike.

Mama aliyemlisha mtoto kwa kijiko miaka 20, akaachwa na mume kwa ajili yake, akaulizwa na majirani amemkosea nani, leo anaambiwa asiwe yeye msemaji. Inauma, wala hatutajifanya haiumi. Tena yuko mtoto asiyetamka neno lolote. Huyo nani atamsemea kama si mama?

Mashirikisho hayakulijibu jambo hili kwa namna moja. Jukwaa la watu wenye ulemavu la Ulaya, lililoanza katika miaka ya 1990, linawapa wazazi viti pamoja na watu wenye ulemavu, kwa ajili ya wale wasioweza kujiwakilisha. Afrika Kusini, mwaka 1993, wazazi waliunda chama chao, DICAG, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu, kando ya chama cha watu wazima wenye ulemavu. Wengi wao walikuwa akina mama wa maeneo maskini, na walianzisha vituo vya kuwalea watoto hao mchana. Njia hiyo ya pili inatupendeza zaidi. Mama ana chama chake na sauti yake, haazimi sauti ya mtu mwingine.

Wapo pia waliodhaniwa hawawezi, wakaweza. Robert Martin wa New Zealand alizaliwa na ulemavu wa akili, na sehemu kubwa ya utoto wake aliishi katika taasisi alikofungiwa mbali na nyumbani. Mwaka 2016 alichaguliwa kuingia katika kamati ile ile ya Umoja wa Mataifa, mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kufika hapo. Alifariki mwaka 2024. Tunajiuliza ni kina Robert wangapi wamekaa nyuma ya mama zao, wakisubiri aulizwe mama.

Tulimtafuta mama wa ile chai. Kijana wake sasa ni mjumbe wa chama chake, na mama huenda naye mikutanoni kama msaidizi. Nauli yake hulipwa, chakula hupewa, lakini karatasi ya kura hapewi. Alituambia kwamba mara ya kwanza alikaa nyuma ya mwanawe akijizuia asimnong'oneze, na jioni akarudi na maumivu ya kichwa. Mara ya pili alikwenda na kitambaa chake cha kufuma.