Utangulizi: Elimu ya Kutunza Baiskeli ya Kukunja

Kitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni mkazi wa Kibamba aliyenunua baiskeli ya kukunja ili aiendeshe kutoka mtaani hadi Barabara ya Morogoro, aikunje, apande nayo daladala, kisha aikunjue tena Mbezi au mjini. Wa pili ni fundi wa kando ya barabara ambaye siku yoyote ataletewa baiskeli hiyo. Wote wawili si wageni wa baiskeli. Baiskeli za Phoenix na Avon zimebeba maji, mkaa na kreti za soda miaka mingi, na mafundi wetu huzifungua na kuzifunga bila kusita. Ujuzi huo ndio msingi wa somo hili. Kilichobaki ni kujua baiskeli ya kukunja inaachana wapi na hizo tulizozizoea.

Hoja ya kitabu kizima ni hii: baiskeli mpya ndiyo inayohitaji spana mapema. Wengi wetu husubiri chombo kiharibike ndipo tukipeleke kwa fundi. Lakini wiki za kwanza ndizo ambazo kila kitu hujipanga. Spoku hukaa sawasawa kwenye habu na rimu, na mkazo wake hupungua. Maganda ya waya za breki na gia hubonyea kwenye ncha zake, hivyo mkono wa breki unakaribia usukani na gia zinaanza kuruka. Nati zilizokazwa kiwandani hulegea kidogo kwa mitikisiko ya barabara. Ukizikaza mapema, baiskeli itatulia. Ukichelewa, pedali iliyolegea itakula nyuzi za mkono wake, na hapo utanunua kipuri badala ya kukaza tu. Kumbuka pia kwamba pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: hukazwa kwa kuzungushia kushoto.

Historia ya baiskeli za kukunja inaeleza kwa nini ziko hivi zilivyo. Katikati ya miaka ya 1970, Andrew Ritchie alianza kuunda jijini London baiskeli ambayo baadaye ilijulikana kama Brompton. Mwaka 1982, mwanafizikia David Hon aliasisi kampuni ya Dahon huko California. Wote walitafuta chombo cha kuungana na basi au treni, kwa hiyo walipunguza magurudumu na kuikata fremu katikati kwa bawaba. Maamuzi hayo mawili ndiyo chanzo cha karibu kila kazi utakayoifanya.

Tuanze na bawaba, maana uhai wako uko hapo. Kila siku ukiikunjua, shika breki ya mbele, weka vidole kwenye maungio ya bawaba, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi mchezo, kishikio kinachoifunga bawaba kimelegea. Katika aina nyingi kuna nati ndogo ya kurekebishia. Izungushe robo mzunguko, ujaribu tena. Kishikio kizuri hufungwa kwa nguvu ya kiganja. Kikihitaji kupigwa kwa nyundo, kimekazwa kupita kiasi, na chuma cha bawaba kinaweza kupata ufa. Nguzo ya siti nayo ina sheria yake. Kwenye Phoenix tunaipaka grisi isishikwe na kutu. Kwenye baiskeli ya kukunja inapandishwa na kushushwa kila siku, hivyo ifute mchanga na uiache kavu, isije ikateleza ukiwa umekaa.

Gurudumu dogo nalo lina hesabu zake. La inchi 28 huzunguka takriban mara 450 kwa kilomita. La inchi 20 huzunguka takriban mara 650. Tairi, rimu na gololi za habu hufanya kazi zaidi kwa safari ileile. Ukienda kununua tairi Kariakoo, usitaje inchi tu. Soma tarakimu zilizochapwa ubavuni. Tairi la inchi 20 lenye namba 406 ni saizi ya baiskeli nyingi za watoto, kwa hiyo kulipata si kazi. La 451 pia huitwa la inchi 20, lakini halitaingia kwenye rimu ya 406. Vivyo hivyo, tairi la Brompton la inchi 16 ni 349, wakati la mtoto huwa 305.

Mwisho ni cheni. Barabara za ndani za Kibamba zina vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, na cheni ya baiskeli hii hupita karibu na ardhi. Oili chafu ya gari inakuja na chembe za chuma na hushika mchanga. Tumia mafuta mepesi kidogo, kisha ufute yaliyobaki nje. Pima kwa rula: kwenye cheni mpya, pingili 24 ni milimita 304.8. Zikifika 306.4, badilisha cheni kabla haijala meno ya gia.

Vitabu vya viwandani huandikwa kwa ajili ya wasomaji wa nchi nyingi. Havitakuambia cheni inadumu miezi mingapi kwenye mchanga wa Kibamba, au waya wa breki unashika kutu baada ya muda gani kwa mtu anayevuka mara kwa mara kwenda Unguja. Maarifa hayo yatatoka kwa waendeshaji na mafundi wa hapa watakaopima na kuandika. Kwa hiyo fungua daftari: tarehe, kilichokazwa, kilichobadilishwa, kipimo cha cheni. Linganisha na la mwenzako. Kwa kazi hiyo utaijenga fani hii pamoja nasi.

Sura ya kwanza inaanza na bawaba. Weka karibu spana, rula na kitambaa kikavu.