Mpira Usiotolewa Bure

Kila apitaye Busia au Malaba, penye mpaka wa Kenya na Uganda, huona malori yamepangana safu, na kando yake vijana wakitafuta riziki: huyu abeba mizigo, yule apakia abiria. Neno lenyewe, bodaboda, lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu mpakani. Kazi hiyo ni ya halali. Lakini ikimtoa mtoto darasani, mzazi hupata shilingi ya leo akapoteza ya kesho.

Je, mchezo waweza kumsaidia mtoto kubaki shuleni? Mfano tunao papa hapa Kenya. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare, Nairobi, Bwana Bob Munro wa Kanada aliwaona watoto wakicheza mpira wa kujifungia wenyewe kwa kamba. Aliahidi kuwasaidia, ila kwa sharti kwamba nao watende jambo. Ndivyo kilivyoanza chama cha michezo kijulikanacho kwa jina la MYSA. Timu iliyozoa taka na kuzibua mitaro ilipewa pointi 6 katika ligi, hali ushindi wa mchezo mmoja ulileta 3 tu.

Chama kilikua. Mwaka 1992 wasichana nao waliingia uwanjani. Vijana waliofundisha wenzao na kusimamia ligi walijipatia alama, na kwa alama hizo walilipiwa karo, fedha zikipelekwa moja kwa moja shuleni. Mwaka 2008 timu yao, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Kenya.

Sisi wa mpakani tuna nini cha kujifunza? Agosti 2024 mashindano ya shule za sekondari za Afrika Mashariki yalifanyika Mbale, safari fupi tu kutoka Malaba. Basi nafasi haiko mbali. Lakini mfadhili akileta mipira na jezi, zisigawanywe ovyo. Kwanza wanafunzi wafyeke uwanja, wapande miti, wahudhurie masomo bila kukosa. Na wakubwa wafundishe wadogo. Nao wazazi na walimu waketi pamoja, waweke daftari la alama, na karo ya mwenye bidii itafutwe kwanza kabla ya kombe.

Mpira wa bure hupasuka ukasahauliwa. Uliotolewa jasho hutunzwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.