Kasoro iliyompa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya msimamizi

CHUKUA mfano wa karani wa ghala la mchele mjini Kagio, Kirinyaga, aliyekabidhiwa daftari la wafanyakazi pekee. Akijiandikia humo kuwa yeye ndiye meneja, bawabu atamfungulia kila mlango.

Ndivyo ilivyokuwa kasoro iliyotangazwa Juni 2023 katika Splunk Enterprise, programu ambayo kampuni hutumia kukusanya na kuchunguza kumbukumbu za kompyuta zao. Mtumiaji wa ngazi ya chini mwenye ruhusa ya kurekebisha akaunti angeweza, kwa maombi yaliyotungwa kwa hila, kujipandisha hadi cheo cha msimamizi. Aliyepaswa kumulikwa akawa ndiye mshika kurunzi.

Matoleo ya 9.0.5, 8.2.11 na 8.1.14 yaliziba mwanya huo. Wangali na ya zamani hawana budi kuyabadilisha, na ruhusa hiyo ibaki kwa wasimamizi pekee.