Sura ya Nne: Ushujaa wa Kugeuza Maisha

Watu wengi hudhani kuwa ushujaa ni sifa ya uwanja wa vita tu, na kwamba mtu aishiye kwa amani, mwenye kazi na nyumba, hana haja nayo. Dhana hii ina kasoro. Wanafalsafa wa Kiyunani, na baada yao wanazuoni wa Kiislamu walioandika juu ya akhlaki, waliuweka ushujaa katikati ya aibu mbili: woga, ambao humfunga mtu asitende lililo wajibu wake, na pupa, ambayo humtosa hatarini bila ya kufikiri. Kwa mizani hiyo, mtu anayevumilia mwaka baada ya mwaka maisha yasiyomridhi, kwa kuchelea maneno ya watu, anauhitaji ushujaa sawasawa na askari, ijapokuwa hakuna atakayempigia ngoma siku atakapoupata.

Natutazame habari za Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Katika mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk alimkabidhi ualimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, naye hajatimiza hata miaka 35. Kwa cheo hicho alipata jaha, mali na wanafunzi 300. Walakini alipoichunguza nia yake aliona kuwa alisomesha kwa kutaka sifa zaidi kuliko kutaka radhi ya Mola wake. Kwa muda wa karibu miezi 6, katika mwaka 1095, alikuwa akiazimu asubuhi kuondoka, na ifikapo jioni azma imevunjika. Mwisho mwili wenyewe ukashitaki: alijikalifu kukaa darasani siku moja ili awaridhi wanafunzi wake, ulimi ukakataa kutamka hata neno moja, chakula kikawa hakipiti kooni, na matabibu wakakata tamaa, wakisema kuwa maradhi hayo asili yake ni moyo.

Namna alivyoondoka inastahili kuangaliwa kuliko kule kuondoka kwenyewe. Hakutoka kwa kishindo. Aliigawa mali yake, akabakiza kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Na kwa kuwa alijua kwamba Khalifa na masahibu wangemzuia, alitangaza safari ya Makka, hali moyoni amekusudia Sham. Khofu, basi, ilikuwa bado naye siku ya safari, na hata hila aliyoitumia ni ushahidi wake. Ila aliizuia isimtawale, kwa kuwa haki za ahali yake alikwisha kuzitimiza. Baada ya miaka 11, katika 1106, alirejea kusomesha, safari hii mjini Nishapur, kazi ikiwa ile ile na nia ikiwa nyingine. Kwa hiyo si kila ageuzaye maisha hulazimika kugeuza kazi milele.

Msomaji huenda akasema kuwa ni rahisi kuacha mali kwa aliyekuwa nayo, na kuuliza: Je, fakiri aache nini? Jawabu liko Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika aila ya watumwa, akaishi kwa kufinyanga vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza, na husimuliwa kuwa sauti yake ilipata nguvu katika kuinadi bidhaa hiyo njiani. Yapata mwaka 1911 alihamia mjini, hana nasaba, hana chuo alichosoma, na mahasidi hawakuchoka kumkejeli kwa sura yake na asili yake. Tarabu wakati huo ilikuwa ya wanaume, na lugha yake Kiarabu. Yeye aliingia akajifunza kwa mabingwa, akaimba na kwa Kiswahili, hata mwaka 1928 akavuka bahari pamoja na wapigaji wake mpaka Bombay, nyimbo zao zikatiwa katika sahani za santuri zilizosikika pwani nzima. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake kwa kuona kuwa maisha hayo ni darasa.

Mmoja alizuiwa na hishima aliyokuwa nayo, mwingine na hishima aliyonyimwa. Lakini kizuizi kilikuwa kimoja, nacho ni hukumu ya watu. Hukumu hiyo ina uzito, wala si busara kuidharau yote, kwa maana mtu ni watu. Ila haina haki ya kukaa mahali pa dhamiri. Wahenga walinena kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo hufa polepole kwa kuahirishwa, mwenyewe akidhani anasubiri wasaa.

Basi wewe unayeisoma sura hii nawe unajua jambo linalokuita, usingoje khofu iondoke ndipo uanze. Litaje jambo lenyewe kwa jina lake. Timiza haki za wanaokutegemea, maana ushujaa unaolipwa kwa njaa ya watoto ni dhulma. Kisha tenda hatua ya kwanza iliyo ndogo, leo, kwa mikono yako mwenyewe. Ushujaa haupatikani kabla ya tendo, bali hupatikana ndani yake.