Chura wa Kihansi: maji yalipogeuzwa njia

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI 1: Msikilizaji, hiki ni kipindi chetu cha mazingira. Kama mnasikiliza kwa kikundi, sogeeni karibu na redio. Niko na kaka yangu hapa studio.

MTANGAZAJI 2: Ahsante dada. Hamjambo wasikilizaji wetu wa kambini na wa vijiji vya jirani.

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumzia wanyama wanaotoweka kwa sababu ya shughuli za maendeleo. Wengi tukisikia hivyo tunafikiria tembo na faru. Wewe kaka umetuletea chura!

MTANGAZAJI 2: Chura, tena mdogo. Mkubwa kabisa hafiki sentimita tatu. Rangi yake ni ya njano kama dhahabu. Vyura wengi hutaga mayai majini, lakini huyu huzaa watoto wakiwa tayari na umbo la chura.

MTANGAZAJI 1: Anapatikana wapi?

MTANGAZAJI 2: Dunia nzima aliishi mahali pamoja tu: korongo la mto Kihansi, katika Milima ya Udzungwa, Tanzania. Pale mto unaporomoka kutoka juu, unapiga mawe, na kurusha manyunyu usiku na mchana. Manyunyu hayo ndiyo yaliyokuwa uhai wake. Eneo lote alilokaa lilikuwa kama hekta mbili, yaani karibu viwanja vitatu vya mpira.

MTANGAZAJI 1: Kisha yakaja maendeleo.

MTANGAZAJI 2: Ndiyo. Tanzania ilihitaji umeme, na hilo si kosa. Umeme unahifadhi chanjo kwenye friji ya hospitali na unasukuma maji kwenye pampu. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa nchi za Ulaya, likajengwa bwawa juu ya maporomoko, kwa mitambo ya megawati 180. Wataalamu walimgundua chura huyu mwaka 1996, ujenzi ukiwa umeshaanza.

MTANGAZAJI 1: Kumbe walimjua wakati mafundi wako kazini tayari!

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo penye somo, dada. Swali liliulizwa kwa kuchelewa. Kufikia mwaka 2000 mitambo ilikuwa inafanya kazi, na sehemu kubwa ya maji, kama asilimia 90, ilikuwa imegeuzwa njia kupitia handaki. Maporomoko yakapungua, manyunyu yakakatika, na majani ya korongoni yakaanza kukauka.

(Sauti ya maji, inapungua taratibu hadi kimya)

MTANGAZAJI 1: Hawakujaribu kumwokoa?

MTANGAZAJI 2: Walijaribu njia mbili. Kwanza, mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, Marekani. Pili, korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga manyunyu ya zamani. Yalisaidia. Katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye walikuwa karibu wameisha.

MTANGAZAJI 1: Ndani ya miezi michache tu?

MTANGAZAJI 2: Ndiyo. Kwenye vyura waliokufa ilikutwa kuvu inayoshambulia ngozi, ambayo imeua vyura katika nchi nyingi. Wapo pia waliotaja dawa za wadudu kutoka mashamba ya juu ya mto. Kiumbe aliyekwisha kudhoofishwa hahitaji pigo kubwa ili aanguke. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wale wa Marekani tu, na hata huko wengi walikufa mwanzoni, kabla walezi hawajajua namna ya kuwatunza.

MTANGAZAJI 1: Je, walirudi?

MTANGAZAJI 2: Walirudi wajukuu na vitukuu. Mwaka 2010, vyura 100 waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012, takriban 2,000 wakapelekwa Kihansi kwenyewe na kuachiliwa. Lakini korongo si lile la zamani. Manyunyu yao bado yanategemea mabomba, na mabomba yanahitaji mtu wa kuyatunza kila siku.

MTANGAZAJI 1: Msikilizaji, binadamu si chura, na hatulinganishi. Lakini wewe uliyetoka Kongo au Burundi huhitaji kuelezwa sana jambo hili. Kuokoa roho ni hatua ya kwanza. Baada ya hapo panahitajika mahali pa kurudi, na mahali pakishaharibika, kupatengeneza ni kazi ya miaka mingi.

MTANGAZAJI 2: Sasa tuje kwetu. Hatumlaumu mama anayetafuta kuni. Watoto lazima wale. Ila maendeleo yapo kambini pia: barabara mpya, kisima, vyoo, mtaa mpya wa nyumba. Kabla ya kuchimba au kukata, mtu aulize: maji haya yanakwenda wapi? Mti huu unashikilia nini? Nani ataathirika upande wa chini?

MTANGAZAJI 1: Na aulize wapi?

MTANGAZAJI 2: Kwenye mkutano wa mtaa, kwa kiongozi wa zoni, au kwa kamati ya mazingira. Wazee wa kijiji jirani nao waulizwe, kwa sababu wanazijua chemchemi na msitu wao tangu zamani. Kuuliza mapema ni bure. Kihansi waliuliza baadaye, na gharama yake inalipwa hadi leo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MTANGAZAJI 1: Ahsante kaka. Kwa vikundi vya wasikilizaji, haya ndiyo maswali ya kujadili:

1. Ni mnyama, ndege au mti gani uliokuwa ukimwona utotoni na sasa humwoni? Nini kilitokea?

2. Kama wewe ungeamua kuhusu Kihansi, ungefanyaje ili watu wapate umeme na chura abaki na manyunyu yake?

3. Ni kazi gani inayopangwa mtaani kwenu sasa, na ni swali gani halijaulizwa bado?

Tukutane wiki ijayo, saa hizi hizi. Kaeni salama.

(Muziki wa kipindi unapanda, mwisho)