Simbilisi wa Juu ya Paa

Tangu korona ituingie, wauzaji wa mashine za kusafisha hewa hawakomi kutubishia hodi. Mimi ni muuguzi, nimezeekea wodi ya kifua kikuu, na huwauliza jambo moja tu: hewa iliyotoka humo, nani ameivuta tukampima? Wananionyesha kitaa cha kijani.

Swali langu si la ubishi. Vijidudu vya kifua kikuu hewani ni vichache mno, na kuvinasa kwa vyombo ni kazi ngumu. Simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, huambukizwa upesi. Ndiyo maana miaka ya 1950 huko Baltimore, Marekani, William Wells na Richard Riley waliwaweka juu ya wodi, wakavuta hewa ya wagonjwa hadi kwao. Wengi waliambukizwa, lakini waliopata hewa iliyomulikwa kwa mionzi ya urujuanimno walinusurika.

Jaribio ninalolipenda zaidi lilifanyika Lima, Peru, likachapishwa mwaka 2009. Taa za mionzi zilifungwa karibu na dari ya wodi, mwanga ukielekezwa juu usiunguze macho ya watu, na feni zikichanganya hewa. Siku zilipowashwa, hewa ilipelekwa kwa kundi moja la simbilisi juu ya paa. Siku zilipozimwa, ilikwenda kwa makundi mengine mawili, moja likiwa na mashine za kuitia hewa chaji ya umeme. Waliovuta hewa isiyotibiwa waliambukizwa asilimia 35. Wa chaji, 14. Wa taa, 9.5. Afrika Kusini nao, pale eMalahleni, wakapata kinga ya asilimia 80 hivi kwa taa za namna hiyo.

Kabla ya taa, lakini, fungueni madirisha! Hukohuko Lima, wodi zenye madirisha na milango wazi zilibadilisha hewa mara 28 kwa saa. Vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mitambo vilikadiriwa mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari za juu, ndiyo yaliyopumua vizuri zaidi, na sisi tunayabomoa.

Usiku wagonjwa hufunga madirisha kwa baridi na mbu. Hapo taa ina kazi, mradi ihudumiwe: hushika vumbi, na huendelea kutoa rangi ya samawati hata makali yake yakiwa yamepungua. Kwa macho hutajua. Anayenunua taa anunue na kipimo chake, na amtaje fundi atakayekishika.